Simenti Isiyo na Mchanga

Mama hakuanguka.
Aliinama kuokota kiazi kimoja
kilichobiringika toka kwenye gunia,
akasikia mgongoni kitu kama ukuni mkavu.
Akamaliza tuta. Ndivyo alivyo.

Wiki tatu alisema ni baridi ya Kabale tu.
Akajikanda kwa samli, akalala ameketi,
hadi usiku mmoja alikohoa, akalia,
na mimi sijawahi kumsikia Mama akilia,
hata kwenye kaburi la Baba.
Majirani wakaleta engozi,
wanne mabegani, wanne wa kupokezana,
tukamteremsha kilima kama yai.

Mbarara, picha ikatundikwa penye mwanga.
Daktari Candiru akahesabu kwa ncha ya kalamu,
pingili, pingili, pingili,
kama mtu achaguaye muwa,
akatua kwenye moja iliyobonyea mbele
mfano wa kopo lililokanyagwa.
"Hii hapa."

Kisha mashine ya kupima uzito wa mifupa,
na karatasi: hasi tatu nukta nne.
Mama akaniuliza hasi ni nini.
Nikasema ni chini ya sifuri, ni kama deni.
Akakunja uso. "Sidaiwi na mtu.
Kamuulize hata mwenye duka."
Daktari akacheka, kisha akaacha kucheka.
Akasema tangu hedhi ilipokoma
mfupa umekuwa ukijichota wenyewe,
kibaba kwa kibaba, miaka ishirini,
na hakuna aliyemletea hesabu.

Mimi ni mwashi. Niliposikia simenti
nilidhani masikio yamenidanganya.
Nikauliza: ya Hima au ya Tororo?
Na mchanga, kipimo gani?
"Haina mchanga," akasema, "wala haimwagiliwi.
Inaingia nzito kama dawa ya meno,
dakika kumi, imeshakuwa jiwe."
Dakika kumi!
Mimi nguzo naimwagilia siku saba.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kisu.
Niliuza mbuzi wawili kwa ajili ya kisu.
Lakini muuguzi aliita "Kebirungi!",
wakamlaza kifudifudi, macho wazi,
wakamtia ganzi, wakapitisha sindano mbili
nene kama misumari,
matundu mawili ya kutosha punje ya mtama.
Ndani wakajaza kiputo,
kikanyanyua dari iliyoporomoka,
kikatolewa, pengo likazibwa.
Haya nilisimuliwa. Wakati ule nilikuwa nje, kwenye benchi,
mikono yangu ikikoroga hewa.

Jioni alisimama.
Mwezi mzima alikuwa ameongea na viatu vyangu.
Akaninyanyulia uso, akanikagua,
akasema: "Kumbe umeanza mvi."

Nilikuwa na futikamba mfukoni.
Nikampima kwenye fremu ya mlango wa wodi:
sentimita moja na nusu imerudi.
Tatu nyingine zimekwenda zao.
Daktari akanivuta pembeni, akanisemesha kwa lugha yangu:
"Nimeziba chumba kimoja. Cha juu yake na cha chini yake
bado ni tope na fito."
Akaandika sindano ya kila miezi sita,
vidonge, mukene aliwe na mifupa yake,
jua la asubuhi, kutembea.
Na dumu la lita ishirini, marufuku kabisa.
Lita tano, mwisho.

Leo nimepanda kijijini kutengeneza ukingo wa ngazi.
Naona anakuja na kidumu cha lita tano,
mgongo umenyooka, au karibu.
Anamimina pipani, anarudi kisimani.
Anamimina, anarudi.
Mara ya nne naweka mwiko chini.
"Daktari alisema tano," ananiwahi,
"hakusema mara ngapi."